Impreza ya zamani iliyoumia nyuma: dalili, chanzo na matengenezo ya bodi

Subaru Impreza za kizazi cha kwanza, zilizotengenezwa kuanzia 1992 hadi 2000, bado zinapita Kampala, Jinja na Mbarara, na wenye nazo hawaziachi. Sedani yenye tabo, ile inayojulikana kwa namba ya chesisi GC8, ina ubavu wa nyuma uliochomelewa kiwandani moja kwa moja kwenye bodi. Madigadi ya mbele unafungua bolti unayaweka kando. Ubavu wa nyuma, ambao gereji nyingi huuita kwota, hautoki bila kukatwa. Ndiyo maana gari likigongwa nyuma hupewa tiba ya haraka: nyundo kidogo, puti nyingi (uji mgumu wa kujazia mabonde ya bati), rangi, likarudi barabarani. Baada ya misimu miwili ya mvua puti inapasuka, buti linaingia maji na tairi la nyuma linalika upande mmoja.

Kila alama unayoiona nje ya ubavu huo ina njia yake ndani. Ama ni nguvu ya mgongano iliyopita kwenye bati na kuishia mbali na pale gari lilipogongwa, ama ni maji yaliyoingia yakakosa pa kutokea. Ifuate njia hiyo hadi mwisho wake kabla hujashika nyundo.

Uangalifu unahitajika kwa sababu nyingine pia. Tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 na zaidi, kwa hiyo GC8 nzima haiji tena kutoka Japani. Bati zilizobaki ni zinazokatwa kwenye magari yaliyokufa humu nchini na vipande vinavyopatikana kwa wauza spea wa soko la Kisekka. Ukiharibu ubavu wa asili kwa kukata ovyo, huenda usipate mwingine mzima.

Anza kwa kuvua na kupima

Toa bampa la nyuma, taa zote mbili, kapeti la buti, tairi la akiba na plastiki za pembeni. Bampa la plastiki hubonyea likarudi lilivyokuwa huku chuma kilicho nyuma yake kimeingia ndani, kwa hiyo bampa zima si ushahidi wa bodi nzima.

Funga sumaku ndogo kwa karatasi laini, uitembeze ubavuni kuanzia mlangoni hadi kwenye taa. Inaposhika kwa ulegevu kuna puti ya zamani. Inapoanguka, puti ni nene au bati limekwisha. Zungushia maeneo hayo kwa chaki. Kisha ingia butini na tochi uangalie mishono. Silanti ya kiwanda, yaani dawa ya kuziba mishono, ina mstari wa mfululizo usiokatika. Ikiwa na ufa mwembamba kama unywele, bati lilisogea pale hata kama rangi ya nje ni nzuri. Sakafu inayozunguka shimo la tairi la akiba ikiwa na mawimbi, mgongano ulipita sakafuni, na pengine umefika kwenye mihimili ya chesisi iliyo chini yake.

Vipimo vitatu vinatosha kuamua. Kwanza, pima mdomo wa buti pembe kwa pembe: kutoka bawaba ya kushoto hadi kona ya chini ya kulia, kisha kinyume chake. Tofauti ya hadi mm 3 inavumilika. Ikizidi hapo, mdomo umepinda. Pili, pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha la nyuma, kila upande, usukani ukiwa umenyooka. Kwenye GC8 umbali huo ni mm 2520. Upande mmoja ukipungua kwa zaidi ya mm 5, tatizo haliko kwenye bati la nje. Tatu, egesha gari kwenye sakafu iliyo sawa, ning'iniza timazi kwenye matundu yanayofanana ya mihimili ya kushoto na ya kulia, weka alama za chaki sakafuni, sogeza gari, kisha pima alama zile pembe kwa pembe. Kazi hii haihitaji mashine yoyote, na ndiyo inayotenganisha kunyoosha na kubahatisha.

Buti halifungi sawa, au mwanya wake ni mpana upande mmoja

Fundi asiye na subira hupinda bawaba au husogeza kikamata lachi (chuma kinachoshikwa na kufuli la buti) mpaka buti lifunge. Linafunga kweli, lakini mpira haubani na maji yanaingia.

Fungua kikamata lachi ukitoe kabisa, halafu shusha mfuniko taratibu kwa mkono. Mfuniko ukikaa katikati, mianya ikiwa sawa pande zote, kosa lilikuwa kwenye kikamata tu. Mwanya ukiwa mpana juu na kupungua kuelekea chini, angalia bawaba na bolti zake. Pembe zikiwa hazilingani, mdomo wenyewe umepinda. Pembe zikilingana lakini mfuniko unapanda juu ya taa au unagusa bati la chini, basi bati la nyuma, lile linalobeba taa na lachi, limesukumwa ndani kwa usawa.

Bati lililosukumwa huvutwa kwa kufuata njia liliyoingilia. Funga gari lisisogee, shika bati kwa koleo la kubana lenye meno mapana, au chomelea kipande cha chuma cha muda, kisha vuta kwa chenibloku. Vuta kidogo, shikilia, gonga taratibu kando ya mikunjo kwa nyundo na kipande cha mbao ili bati liachie, legeza, pima. Chuma hurudi nyuma kidogo kikiachiwa, kwa hiyo kipitishe mm 2 hadi 3 zaidi ya pale unapotaka kiishie. Mivuto mitano midogo ni salama kuliko mmoja mkubwa, kwa sababu mvuto mkubwa huchana pointi za kiwanda, zile nukta za kuchomelea, kwenye mishono.

Kufunga mnyororo kwenye mti na kurudisha gari kwa gia hakufai. Huwezi kuongoza nguvu, mnyororo ukikatika unaua mtu, na ndoano ya kuvutia gari imefungwa upande mmoja tu, hivyo utanyoosha mhimili mmoja na kuuacha mwingine. Ukitumia jeki ya mafuta ndani ya buti kusukuma kuelekea nje, weka ubao mpana nyuma ya jeki. Usiiegemeze kwenye kichwa cha shokabu wala kwenye bati jembamba la nyuma ya siti. Na mihimili ya chesisi isichomwe kwa gesi ili ilainike. Moto huondoa nguvu iliyopangwa kiwandani na kuunguza kinga yote ya ndani, mahali ambapo brashi haifiki tena.

Lengo ni mwanya wa mm 4 hadi 5, ulio sawa kushoto na kulia. Ukishaupata, fungia kipande cha karatasi kati ya mpira na bodi, uvute. Rudia kila sm 20 kuzunguka mdomo mzima. Karatasi ikitoka bila kukaza, mpira haubani hapo.

Tairi la nyuma linagusa, au gari linakwenda kiubavu

Hapa bodi isubiri. Kila gurudumu la nyuma la GC8 limeshikwa na mikono miwili ya kukingama na mmoja wa kwenda mbele, pamoja na shokabu. Gari likigongwa kwenye gurudumu, mikono ya kukingama ndiyo hupinda mwanzo, na kupinda kwa mm chache hakuonekani kwa macho. Vuta uzi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma pande zote mbili, ulinganishe. Mkono uliopinda haunyooshwi, unabadilishwa. Ni spea ya bei ya kawaida ukilinganisha na tairi litakaloliwa.

Mikono ikiwa mizima na vipimo vya uzi havilingani, angalia fremu ndogo inayobeba mikono hiyo: alama ya uchafu kuzunguka bolti zake itaonyesha kama ilisogea. Malizia kwa kupima wili alaimenti ya magurudumu yote manne. Usikubali kupimiwa ya mbele peke yake.

Tairi likigusa kwa sababu upinde wa bodi ulio juu ya gurudumu umeingia ndani, uvute utoke. Usipige ukingo wa upinde kwa nyundo ili ulale, kama wanavyofanya wengi wanaovaa ringi pana. Ukingo huo ni mkunjo wa bati mbili zenye silanti katikati. Ukiulaza bila kuupasha kidogo na bila kuukagua baadaye, silanti inapasuka, na tatizo linalofuata hapa chini linaanza siku hiyohiyo.

Malengelenge ya rangi kwenye upinde wa gurudumu

Hili ndilo tatizo kubwa la gari hili, na ndilo linalofichwa zaidi kwa puti.

Upinde wa nje na upinde wa ndani hukutana kwenye ukingo. Tope jekundu la murramu linatupwa na tairi, linajipanga juu ya ukingo kwa ndani, linakauka nje na kubaki na unyevu katikati. Wakati huohuo maji yanayopita kwenye mpira wa taa au mshono uliopasuka yanateremka kati ya bati mbili hadi palepale. Kutu inaanzia ndani, inakula kuelekea nje, na lengelenge la kwanza likionekana bati limekwisha toboka au limebaki kama karatasi. Magari yaliyotembea sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, yaliingia nchini yakiwa tayari na mwanzo wa kutu hiyo. Hewa ya ukanda wa Ziwa Victoria na mvua za Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, zinaiendeleza.

Chukua bisibisi yenye ncha, bonyeza kila lengelenge kwa nguvu ya kidole gumba. Bati zuri linakataa. Likilia kama ganda linalovunjika au bisibisi ikazama, kata. Kutu huenea sm 3 hadi 5 kupita ukingo wa lengelenge, kwa hiyo mstari wa kukata uwe kwenye bati linalong'aa pande zote mbili, ya nje na ya ndani. Mwambie mwenzako amulike kwa tochi kutoka ndani ya upinde huku wewe ukiangalia butini. Kila nukta ya mwanga ni tundu.

Kabla ya kuendelea, toa mgongo wa siti ya nyuma na plastiki za buti, ukague pale kichwa cha shokabu kinapofungwa kwenye bodi. Magari haya yanajulikana kwa kuoza hapo. Ukikuta bati linainuka kwa tabaka au bolti zimezungukwa na kutu ya kuchimba, hiyo ni kazi ya kubeba uzito wa gari. Inatangulia kila kitu na gari lisiendeshwe hadi ikamilike.

Bati la kiraka liwe la mm 0.8. Mabati ya kuezekea nyumba hayafai: geji 28 ina takriban mm 0.4 tu, inaungua chini ya moto na haina nguvu. Chanzo kizuri ni paa au mlango wa gari lililokufa. Ukinunua kipande cha ubavu kilichokatwa Kisekka, hakikisha kimetoka kwenye sedani ya milango minne. Cha stesheni wagoni au cha milango miwili hakiingii. Cha sedani isiyo na tabo kinafaa. Kipitishe sumaku palepale dukani, na omba kikatwe pamoja na upinde wa ndani; bei inapanda lakini unapata umbo sahihi la ukingo, ambalo ndilo gumu kulitengeneza kwa mkono.

Usalama wa moto si wa kuruka. Mdomo wa mafuta uko ubavu wa kulia, na bomba lake linapita nyuma ya upinde. Tenki liko chini ya siti ya nyuma. Ukichomelea upande wa kulia, kausha tenki, toa bomba lote la kujazia, ziba mdomo wa tenki kwa kizibo kinachobana, na toa bomba la hewa pia. Upande wa kushoto nao toa siti, nyaya na vipande vyeusi vya lami vinavyozuia kelele, kwa sababu vinashika moto polepole bila mwali. Tenganisha betri. Weka kizima moto na ndoo ya maji karibu, mtu mmoja akiangalia upande usiouona, na msiondoke mpaka nusu saa ipite baada ya cheche ya mwisho.

Anza na upinde wa ndani. Kiraka chake kinaweza kulalia bati la zamani kwa mm 12: toboa matundu ya mm 6 kila sm 3 kwenye kiraka, paka praima ya zinki kati ya bati mbili, isafishe ndani ya tundu tu, kisha chomelea kwa kujaza tundu. Zinki ikibaki ndani ya tundu, moto unaichemsha na pointi inakuwa na vinyweleo. Moshi wake ni sumu, kwa hiyo fanyia kazi nje au penye upepo.

Ngozi ya nje haipandiani. Iache ikutane ncha kwa ncha na mwanya wa karibu mm 0.8. Bati zikipandiana kwenye ngozi ya nje, maji yanakaa kati yao, na mstari wa kuungia utaonekana kwenye rangi jua linapokuwa kali. Kata chini ya mkunjo wa umbo la ubavu, kwa sm 2 hadi 3, kwa sababu mkunjo hushikilia bati lisipinde. Ukikata katikati ya eneo pana lililo bapa, joto litalitia mawimbi ambayo huwezi kuyaondoa.

Mashine iwe MIG, ile inayosukuma waya yenyewe wakati wa kuchomelea, yenye waya wa mm 0.6, mkondo wa ampea 30 hadi 40 kwa bati la mm 0.8, gesi lita 8 hadi 12 kwa dakika. Mchanganyiko wa argoni na kaboni dioksidi unatoa moto tulivu. Kaboni dioksidi tupu inafanya kazi lakini inarusha cheche nyingi na inatoboa haraka. Mashine ya elektrodi haina nafasi kwenye bati hili. Gesi ya asetilini inashika, lakini joto lake linaenea na kupinda ubavu mzima.

Weka nukta moja, ruka sm 10, weka nyingine, hama upande wa pili. Rudi kujaza katikati pale tu unapoweza kuweka kiganja juu ya bati bila kukiondoa. Mstari wa sm 40 uliochomelewa hivi unachukua muda mrefu, na hiyo ndiyo sababu unabaki umenyooka.

Umeme wa Kampala hushuka nguvu jioni. Nukta iliyochomwa kwa umeme dhaifu hukaa juu kama tone bila kuingia kwenye bati, na ukiisaga inatoka yote. Kabla ya kila kikao choma nukta mbili kwenye vipande vya bati lilelile, vibane kwenye vaisi, uvipinde mpaka viachane. Pointi nzuri inang'oa bati na kuacha tundu. Pointi mbovu inaachia kwenye chomeo lenyewe.

Saga kwa diski ya msasa namba 80, kwa miguso mifupi. Ukikaza greinda mahali pamoja bati linageuka buluu, linapungua unene, na litapasuka hapo baadaye. Kama umetumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, ioshe na uikaushe kabisa kabla ya praima ya epoksi, kwani epoksi haishiki juu ya mabaki ya asidi. Epoksi ikikauka, pitisha silanti ya bodi kwenye mshono wa ndani wote, bila kuziba matundu ya kutolea maji.

Bati linadunda ukilibonyeza

Unalibonyeza kwa dole, linaingia na kutoka kwa kishindo kidogo. Mara nyingi hili hufuata nyundo nyingi au joto la kuchomelea: bati limetanuka na halina pa kwenda. Lakini usikimbilie moto. Kwanza tafuta mkunjo mdogo pembezoni, karibu na upinde au taa, uliobaki bila kunyooshwa. Mkunjo mmoja wa sm 5 unaweza kubana eneo lote la katikati, na ukiuachia kwa nyundo na chuma cha kushikilia nyuma, bati linatulia lenyewe.

Likiendelea kudunda, tafuta kilele cha sehemu iliyotanuka. Pasha doa la upana wa mm 10 mpaka lianze wekundu hafifu, ligonge mara mbili tatu huku chuma kikiwa nyuma, kisha lipoze kwa kitambaa chenye maji. Subiri lipoe kabisa, bonyeza tena, ndipo uamue kama doa la pili linahitajika. Madoa yakizidi bati linavutika kupita kiasi na unaanza tatizo jipya la kinyume.

Maji ndani ya buti

Usipake silanti popote kabla ya kujua maji yanapita wapi. Kausha buti, paka chaki ya unga chini ya taa, kando ya mpira na chini ya bolti za spoila. Mtu mmoja aingie butini na tochi, wa nje akibaki na ufunguo wa kumfungulia. Wa nje amwage maji kwa bomba lisilo na kasi, akianzia chini: bati la nyuma dakika tatu, taa dakika tatu, mpira, spoila, halafu mishono ya juu. Ukianzia juu kila kitu kinalowa kwa pamoja na hujifunzi kitu.

Wahusika wa kawaida ni sponji za taa zilizokauka, bolti za spoila zilizopoteza mpira wake, na mishono ya kona ya chini iliyopasuka kwenye ajali. Nyuma ya bampa kuna matundu ya hewa yenye ndimi za mpira. Zikiwa zimepinda au kukatika, maji ya gurudumu yanaingia moja kwa moja. Taa isipokaa bapa kwenye bati, sponji mpya haitasaidia: nyoosha kwanza uso wa bati unaoishika taa.

Njia hizohizo ndizo zinazoingiza harufu ya moshi ndani ya gari, hasa madirisha yakiwa wazi kidogo. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, kwa hiyo harufu baada ya matengenezo ya nyuma ni sababu ya kuliegesha gari mpaka uone tundu liko wapi.

Matatizo ya puti na rangi

Mstari au duara la puti linaloonekana wiki chache baadaye maana yake puti ilikuwa nene, au haikukauka kabla ya kupigwa praima. Puti isizidi mm 3 ikishasagwa. Ikihitaji zaidi, rudi kwenye nyundo. Ipakwe juu ya epoksi iliyokwaruzwa kwa msasa namba 80 hadi 120 au bati safi, na isiachwe wazi usiku kucha, kwa kuwa puti ya poliesta hunyonya unyevu na kuutoa baadaye kama malengelenge. Hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha, ni asilimia 2 kwa uzito: gramu 2 kwa gramu 100. Kwa joto la mchana una dakika tatu hadi tano za kufanya kazi, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Mafundi huongeza hadina ili ikauke haraka. Ziada hiyo hupanda hadi kwenye rangi na kuacha doa lililopauka, nalo halitoki kwa polishi.

Vishimo vidogo vya mviringo kwenye rangi mbichi vinatokana na silikoni, na mara nyingi imetoka kwenye dawa ya kung'arisha matairi. Osha gari zima kwa sabuni, futa ubavu kwa dawa ya kuondoa grisi ukitumia vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufuta kabla haijakauka yenyewe. Malengelenge madogo yaliyotapakaa yanatokana na maji ya kompresa: fungua koki ya chini ya tangi kila asubuhi, na weka chujio karibu na bunduki ya kupulizia rangi. Klia, ile tabaka ya juu inayong'aa isiyo na rangi, ikipata ukungu mweupe, ulipiga kukiwa na unyevu mwingi, au thina ilikuwa ya haraka mno. Siku ya mvua usipige klia.

Praima ya juu isagwe kwa namba 400, kisha 600 chini ya rangi ya maika, ile yenye chembe zinazometameta. Bluu za maika za Impreza hubadilika kwa pembe ya mwanga, na hata ukitumia msimbo sahihi ulio kwenye kibati cha ndani ya sehemu ya injini, gari la umri huu limepauka. Piga kadi ya majaribio, ilinganishe nje juani na kivulini. Kisha usiikatishe rangi ghafla kwenye ukingo wa mlango: ififishe taratibu ndani ya mlango wa nyuma, na klia ifunike mlango mzima. Upande wa juu, peleka klia hadi mshono wa asili wa paa. Mstari wa klia ulioishia katikati ya nguzo huanza kubanduka kwa jua. Hadina za rangi za 2K (zinazochanganywa na hadina kabla ya kupigwa) zina isosaineti, ambayo hudhuru mapafu kwa kudumu. Kitambaa puani hakizuii, tumia barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Bampa na taa

Nyuma ya bampa tafuta alama ya aina ya plastiki. Ikiwa PP (polipropilini), ufa huunganishwa kwa joto na fimbo ya PP. Faiba na rezini huachia baada ya muda kwa sababu hazishikani nayo. Taa ikififia au breki ikiwasha taa nyingine, waya wa ardhi umefungwa juu ya rangi mpya. Kwangua hadi chuma, kaza, paka grisi.

Mwisho wa kazi

Baada ya rangi kukauka kwa siku chache, nyunyiza nta ya bodi ndani ya ubavu, kwa bomba jembamba kupitia matundu ya butini, hadi uione ikichungulia kwenye mkunjo wa ukingo. Oili chakavu si mbadala: inaozesha mipira, na fundi atakayefuata hatapata rangi ishike. Zibua matundu ya kutolea maji kwa waya mara nta inapoganda. Gari likitoka barabara ya murramu, ingiza mkono juu ya ukingo wa upinde na utoe tope lote kwa maji kabla halijakauka.